Fundi Anselmo na Mtani Wake

1

Lori la mbao lilimshusha Redempta Kaijage kwenye njia panda ya Mafinga saa mbili na nusu asubuhi. "Shuka taratibu, dada, kuna utelezi," lilisema, kisha likaondoka lenyewe, kiti cha dereva kikiwa kitupu kama kilivyokuwa tangu Makambako. Taa zake za nyuma zikamezwa na ukungu.

Redempta alibaki kando ya barabara ameukumbatia mkoba wake. Ulikuwa na vifaa viwili vya Idara ya Sauti. Kimoja kilikuwa kipimo, kioo chembamba cha ukubwa wa kiganja. Kingine kilikuwa kifutio, cheusi, kizito kuliko kilivyoonekana, chenye kitufe kimoja tu. Kwa siku sita alikuwa amevibeba vyote viwili kutoka mji hadi mji, na kila mji ulikuwa na sauti yake ya kukaguliwa. Jana, kule Njombe, alizima sauti ya muuza dawa aliyekufa, ambayo wanawe walikuwa wameificha kwenye kabati la duka ili wateja waendelee kupata ushauri. Wana wale walikuwa watu wazima wenye ndevu. Walisimama wameshikana mikono mpaka alipomaliza.

Mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa akitembea na leso za kuwapa watu. Mwaka wa tatu aliacha kuzinunua. Huu ulikuwa mwaka wa saba, na sasa alikuwa akifika, anasalimia, anauliza swichi iko wapi. Sauti mia mbili na kumi na moja zilikuwa zimezimika chini ya kidole chake. Alikuwa akiomba, bila kujua anamwomba nani, kwamba hii ya leo iwe safi, atie dole gumba kwenye fomu, apande lori lingine, alale.

Jumba lenyewe lilikuwa karakana ya zamani ya misheni, kuta za matofali na paa la bati lililopauka. Hata barabarani ulikwisha kusikia harufu ya msonobari uliorandwa. Juu ya mlango kulikuwa na ubao: NYUMBA YA FUNDI ANSELMO. Chini yake, kwa herufi ndogo: GUSA, USIOGOPE.

Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye kitambaa cheusi kichwani, alikuwa akifagia kizingiti.

"Kamwene," alisema.

"Kamwene, mama. Natoka Idara ya Sauti."

Mwanamke akaacha kufagia. Hakushtuka. Alimtazama Redempta usoni kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa aliyeletwa hospitalini. "Mbona umechoka hivyo, mwanangu? Pita ndani. Mimi ni Mama Leonsia, ndiye ninayefungua na kufunga hapa. Kuna watoto wa shule wanakuja saa tatu. Utazunguka nao?"

"Nitazunguka nao," Redempta alijibu. Ilikuwa afadhali hivyo. Sauti huongea kwa uhuru zaidi mbele ya watoto.

2

Wanafunzi walikuwa kama thelathini, wametoka Ifunda na mwalimu wao, wote wamevaa masweta ya kijani. Waliingia wakinong'ona na baada ya dakika mbili wakawa wanapiga kelele, maana kila kitu mle ndani kilikuwa cha kuzungushwa, kuvutwa au kukaliwa. Kulikuwa na parafujo ya mbao iliyopandisha maji kutoka beseni moja hadi jingine. Kulikuwa na gari dogo lililojiendesha kwa springi, na toroli lililodondosha kokoto moja kwenye kikombe kila lilipomaliza hatua mia. Bawa lenye upana wa mita sita lilining'inia kutoka kwenye kenchi, na ukivuta kamba lilipiga mara moja, pole pole, likapeperusha vumbi la mbao na karatasi za watoto. Mashine kumi na tisa kwa jumla. Redempta alipitisha kidole kwenye gurudumu la meno. Meno yalikuwa laini, yamesuguliwa msasa na mtu aliyekuwa na subira.

"Karibuni, karibuni," ilisema sauti kutoka kwenye spika iliyopigiliwa ukutani, katikati ya chumba. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, nzito, yenye mkwaruzo kidogo. "Mimi ni Anselmo wa Valdora. Nimekufa miaka mia sita na ushee, kwa hiyo msiniulize habari za mpira."

Watoto wakacheka. Redempta alikiweka kipimo kwenye kiganja chake na kukiwasha.

Sheria ilikuwa na sentensi moja ambayo angeweza kuisema usingizini: hakuna sauti itakayotengenezwa kutokana na mtu ambaye hakutia sahihi akiwa hai. Waliokufa zamani sana hawakuhitaji sahihi, ndiyo maana majumba ya makumbusho yaliwapenda. Anselmo alikuwa fundi wa Kiitaliano wa karne ya kumi na tano ambaye hakuwahi kuwa maarufu. Aliacha daftari moja tu, kurasa arobaini na moja za michoro na maelezo, na nakala yake ililetwa huku na padri mmoja kwa ajili ya shule ya useremala. Sauti yake ilitakiwa itoke kwenye kurasa hizo, basi.

Na kila jibu lina asili yake, kama mbao ilivyo na mistari. Anayeijua mistari anaujua mti. Kipimo kilisikiliza jibu na kuifuata mistari hadi kwenye maneno yaliyolizaa. Kikiwaka kijani, jibu limetoka daftarini. Kikiwaka nyekundu, limetoka kwa mtu mwingine.

"Hili bawa liliruka?" aliuliza msichana mmoja mwenye meno ya mbele yaliyoachana.

"Halikuruka. Niliandika kwamba lina uzito wa watu wawili na nguvu za mtu mmoja."

Kijani.

Msichana akageukia mashine ya magurudumu, akakamata mkono wa kuzungushia na kusukuma kwa nguvu zake zote. Haukwenda.

"Acha nguvu," sauti ilisema. "Mbao si adui yako. Rudisha nyuma kidogo, sikiliza, halafu uipeleke. Umekula asubuhi wewe?"

Redempta alitazama kiganja chake. Nyekundu hafifu, iliyotetemeka kidogo kisha ikatulia. Labda ni kosa, alijiambia. Kipimo hukosea mara moja katika mia.

Wakati ule ule mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia mzee mrefu mwembamba, amejifunga skafu, na bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio. Hakumwona Redempta, ambaye alikuwa amefichwa na bawa. Aliitazama spika kama mtu anavyomtazama jirani mkorofi.

"Bado hujaoza tu?" alisema. "Mbwa wa shuleni amepotea tangu jana, na humu ndani nasikia harufu ya mchuzi."

"Watoto, nyamazeni, Mngoni ameingia!" sauti ilijibu bila kusita hata kidogo. "Mtazameni vizuri. Babu zake walikuja hapa na ngao kuja kutupiga. Walirudi Songea bila ngao. Mpaka leo huyu anapita mlango wa nyuma."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu alikuwa amejishika mbavu. Hata Redempta alihisi mdomo wake ukitaka kwenda juu, kabla hajatazama chini na kuona kiganja chake chote kimekuwa chekundu.

Mwitaliano wa karne ya kumi na tano alikuwa amemtania Mngoni kama Mhehe wa hapa hapa Mafinga.

3

"Ni nani?" Redempta aliuliza.

Watoto walikuwa wameondoka. Mzee, aliyejitambulisha kwa jina la Gaufrid Ngonyani, mwalimu mstaafu wa ufundi wa kompyuta na mtengenezaji wa sauti ile, alikuwa amekaa kwenye gari la springi magoti yakimfika kidevuni. Spika alikuwa ameizima mwenyewe.

"Nani yupi?"

"Mzee wangu, usinichoshe. Nina siku sita barabarani."

Gaufrid akavua miwani, akaisugua kwa ncha ya skafu. "Festo Kalinga. Mume wa huyo mama uliyemkuta mlangoni. Ndiye aliyechonga kila kitu ulichokigusa leo, kwa kufuata michoro ya lile daftari, miaka kumi na miwili. Tumemzika miaka minne iliyopita."

"Alitia sahihi?"

"Festo? Festo hakuwa anasaini hata kitabu cha wageni."

"Unajua Idara hupita bila taarifa. Mbona umeingia na kumtania mbele za watu?"

Gaufrid alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ningepitaje bila kumsalimia? Mimi ni mtani wake. Nikipita kimya atadhani nimenuna."

Redempta alikuwa mtu wa Bukoba. Utani alioujua yeye ulikuwa ule wa ofisini, wa kuchokozana kwenye foleni ya chakula. Alimwambia hivyo. Gaufrid akatikisa kichwa.

"Hapana, binti. Huo ni mzaha. Siku ya kumzika Festo mimi ndiye niliyevaa koti lake. Nilishika randa yake nikasimama mlangoni, nikawafokea waombolezaji kama alivyokuwa akifoka yeye. Mnalia nini? Nani amewaita? Mbona hamkuja na kuni? Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Hakuna aliyeniuliza nimeruhusiwa na nani. Mtani haombi ruhusa kwa maiti. Ni kazi yake kumrudisha kidogo, watu wamwone mara ya mwisho."

"Mara ya mwisho," Redempta alirudia.

Mzee akainamisha macho.

"Nilikuwa na ujumbe wake wa sauti wa miaka tisa," alisema. "Kila asubuhi kabla hajawasha mashine ya kupasulia mbao ananitukana, na mimi namjibu. Yuko kwenye simu yangu yote, miaka tisa. Na huyu Anselmo wa kurasa arobaini na moja alikuwa ananiaibisha. Watoto walimwuliza maswali matatu, akaishiwa. Nikasema nimpe Festo kidogo tu, achangamke. Halafu kidogo tena. Halafu..." Akafungua mikono. "Na yule shemeji yangu, mjane. Anakuja kila siku, anafagia, anamsikia mumewe. Nikimzima nitakuwa nimemuua mara ya pili. Ungeweza wewe?"

Redempta alikuwa ameweza mara mia mbili na kumi na moja.

Kanuni ilikuwa wazi. Nyekundu ikizidi tano kwa mia, mkaguzi atafuta sauti yote papo hapo, bila kutoa onyo, kwa kuwa aliyeonywa hupata muda wa kutengeneza nakala na kuificha. Kipimo kilikuwa kimeandika sabini na mbili kwa mia. Na kifutio hakichagui. Kingemfuta Festo na Anselmo pamoja, jumba lingefungwa, na huyu mzee aliyekalia gari la watoto angepelekwa mahakamani. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alipapasa mkoba, vidole vyake vikakigusa kile kitu cheusi, na alichokihisi hakikuwa huruma wala hasira. Kilikuwa uchovu, uchovu tu, kama wa mtu anayeosha vyombo vya sherehe ya watu wengine.

"Kaa hapo hapo, mzee," alisema. "Usiguse kitu."

4

Mama Leonsia alikuwa amekaa kwenye benchi nje, ukungu ukianza kuinuka juu ya misonobari. Alisogea kumpa nafasi.

"Ni Festo, eh," alisema, kabla hajaulizwa.

"Ulikuwa unajua, mama?"

"Kuanzia siku ya kwanza. Nimeishi na mtu miaka thelathini na nane, nisijue kikohozi chake?"

"Mzee Ngonyani anasema anamwacha pale kwa ajili yako."

Mama Leonsia akageuka haraka. "Kwa ajili yangu?" Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mungu wangu. Mimi nimenyamaza kwa ajili yake. Gaufrid hana mke, hana mtoto, ndugu zake wote wako Songea na hawamtafuti. Alikuwa na Festo tu. Nikasema acha, mwenye kuhitaji sauti ahifadhi sauti. Mimi nitafagia."

Walikaa. Lori lilipita barabarani, halina mtu.

"Nikwambie kitu, mwanangu, maana wewe ni mpita njia," Mama Leonsia alisema. "Yule aliye mle ndani ni Festo wa Gaufrid. Wanaume hawa wakitaniana wanakuwa na sauti yao. Wanapaza. Sasa, nyumbani Festo hakuwa hivyo. Nyumbani alikuwa mtu wa kimya. Anaingia, anakaa, na wewe unajua tu yupo. Huyo hakumtumia mtu ujumbe. Huyo hakuna simu iliyomshika." Akaikunja mikono yake mapajani. "Mwaka wa kwanza nilikuwa na wote wawili. Sasa nikifumba macho nimkumbuke, anakuja huyu wa ukutani. Anapiga kelele, anacheka. Namtafuta yule wangu nyuma yake, simwoni. Miaka thelathini na nane, na huyu amemtoa kwa miaka minne."

"Kwa nini hukuacha kuja?"

"Na mlango afungue nani? Wewe umewaona wale watoto." Alivuta pumzi. "Halafu kuna hili. Kwetu mtani akivaa nguo za marehemu, anazivua mbele ya mjane siku ya kumaliza msiba. Hapo ndipo unapoisha. Gaufrid koti alilivua, sisemi uongo, alilikunja vizuri akanipa. Lakini hili koti la pili, hii sauti, hajalivua. Unaona bado nina kitambaa cheusi? Leonsia, binti yangu, ananiita Dodoma nikamsaidie kulea. Ana mtoto wa miezi mitano sijawahi hata kumshika. Nitaingiaje nyumba yenye kichanga na msiba mgongoni?"

Redempta alifikiria kitufe. Akibonyeza sasa hivi, mama huyu hatamsikia tena Festo wa ukutani. Lakini itakuwa imefanywa na mgeni wa serikali kwa kifaa cheusi. Ile nguo ya pili itakuwa imechanwa, haikuvuliwa. Aliwakumbuka wale wana wa Njombe wameshikana mikono. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijiuliza kama alikuwa amemaliza jambo lolote katika nyumba zile, au aliondoka tu na jambo likabaki.

"Mama," alisema, "twende ndani. Yale uliyoniambia mimi, mwambie yeye."

5

Alimwambia. Mama Leonsia alisema akiwa amesimama, ufagio mkononi, bila kulia, na Gaufrid alisikiliza akiwa ameketi vile vile kwenye gari la springi. Alipofika kwenye maneno "simwoni," mzee alifunika uso wake kwa skafu.

"Shemeji, mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza? Vua, Gaufrid. Nimechoka."

Redempta ndipo aliposema la kwake. Alilisema haraka, akiogopa kubadili mawazo. "Mimi nikifuta, nafuta vyote. Wewe ndiye unayejua ulimshonea wapi Festo kwenye kurasa za Anselmo. Unaweza kumtoa peke yake?"

"Kwa saa moja. Labda pungufu."

"Nakupa saa moja."

Gaufrid alimtazama juu ya miwani. "Kanuni zenu zinakuruhusu?"

"Haziniruhusu."

"Na nikimnakili? Nikamweka kwenye kikasha nikamzika chini ya kitanda changu, utajuaje?"

"Utaniambia?"

"Nikiwa nimekusudia kuficha, sitakwambia." Alisema kwa uaminifu wa ajabu, kama anayemsaidia mwanafunzi kwenye hesabu. "Hutajua, binti."

"Basi sitajua," Redempta alisema. Akavuta kigoda akakaa.

Gaufrid alifungua kisanduku chini ya spika na kukunjua kibodi. Alifanya kazi polepole, akisoma kwa sauti ndogo, akitenganisha mstari na mstari. Mama Leonsia alikaa kwenye ukingo wa daraja la mbao la kukunjwa, mojawapo ya zile mashine kumi na tisa. Ilipita nusu saa, ikapita zaidi. Mwishowe mzee alisema kwamba sehemu zote za Festo ziko mahali pamoja sasa, limebaki tendo moja. Akaiwasha spika.

"Sitamtoa kama mwizi," alieleza. "Lazima nimwambie."

"Mngoni!" Sauti ilikuja imejaa uhai. "Saa nzima kimya. Nilidhani umekufa, nikaanza kutafuta wa kula pilau lako."

Gaufrid alisimama. Aliinyoosha skafu kifuani. "Festo," alisema, na Redempta aliona Mama Leonsia akishtuka, maana mzee hakuwa ametania. Alikuwa amelitaja jina tu, kama linavyotajwa kanisani. "Festo, mwana wa Kalinga. Nimekuvaa miaka minne. Mke wako yupo hapa, anaona. Leo nakuvua."

"Unanivua?" sauti ilicheka, ikakohoa kikohozi chake. "Wangoni bwana! Mkishindwa vita mnaanza kuiba nguo!"

Mdomo wa Gaufrid ulifunguka. Redempta aliliona jibu likimjia, aliliona kabisa usoni kwake, jibu zuri pengine kuliko yote aliyowahi kutoa, likafika ulimini. Kwa miaka arobaini hakuwahi kuacha neno la Mhehe huyu lipite bila malipo. Mtani akinyamaza amesalimu amri.

Alifunga mdomo. Akalimeza lile jibu, akaacha neno la mwisho liwe la Festo.

Akabonyeza.

6

Redempta aliinua kipimo. "Fundi Anselmo," aliita, akasogea karibu na spika. "Fundi Anselmo, mkono wa mashine ukikwama, nifanyeje?"

"Sina maandishi juu ya hilo," spika ilijibu, kwa upole, kwa sauti isiyo na mkwaruzo. "Ninaweza kukueleza idadi ya meno ya kila gurudumu."

Kijani.

"Maskini," Gaufrid alinong'ona. "Watoto watamchosha mapema." Akakaa chini sakafuni, mahali alipokuwa amesimama, kama mtu aliyeshusha mzigo akakosa pa kuweka mikono. Kisha akatoa simu yake ya zamani mfukoni, akamnyooshea Mama Leonsia. "Ujumbe wa miaka tisa umo humu. Chukua."

"Wa nini? Huo ni wako, alikutumia wewe." Akamrudishia, akakikunja kiganja cha mzee juu ya simu. "Sikiliza ukiwa nyumbani kwako. Hapo hakuna dhambi."

Kisha akanyoosha mkono kichwani, akafungua fundo la kitambaa cheusi. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko Redempta alivyodhani.

Fomu ilikuwa ikisubiri kwenye kioo. Redempta angeweza kuandika "safi" na kwenda zake. Kipimo kilikuwa bado hakijatuma kitu, kinatuma pale tu mkaguzi anapotia dole. Aliandika yote. Nyekundu: sabini na mbili kwa mia. Nilitoa onyo. Nilitoa saa moja. Mtengenezaji amemwondoa marehemu kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mjane. Sasa sauti ni ya daftari peke yake. Sijui kama kuna nakala. Ninaamini hakuna. Fomu haikulitambua neno "ninaamini", ikalipigia mstari, ikamwomba aweke jingine. Aliliacha. Alijua wiki ijayo ataitwa Dodoma, na kwamba pengine hatapewa mkoba tena. Alijua pia kwamba Gaufrid anaweza kuandikiwa barua kali, au zaidi ya barua. Alimsomea mzee kila neno kabla ya kutia dole, na mzee alisema, "Ni kweli tupu. Tuma."

Akatuma. Hakujisikia shujaa. Alijisikia mtu ambaye kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu anaweza kusinzia akiwa amekaa, na alisinzia kweli, ameegemea nguzo, mpaka aliposikia mtu akiongea taratibu.

Alikuwa Mama Leonsia. Alikuwa amefumba macho, na hakuwa akizungumza na mtu hasa.

"Misa ya kwanza mimi nilikuwa nakwenda peke yangu," alikuwa akisema. "Mwezi wa saba, baridi ya huku, unaamka sakafu inauma. Nikifika mlangoni nakuta viatu vyangu havipo pale nilipoviacha. Viko jikoni, vimepangwa karibu na mafiga, vimegeuzwa uso kwangu. Naingiza mguu, kuna joto."

Gaufrid aliinua kichwa.

"Miaka yote hiyo," Mama Leonsia alisema. Midomo yake ilikuwa ikitabasamu. "Na yeye amerudi kitandani, amejifunika, anajifanya amelala. Sikuwahi kumsikia akiamka. Hakusema kitu. Huyo hapo. Huyo hapo, namwona."